Mwaka 1879 ngano iliharibika, na bei haikupanda

Wanafunzi wangu wa historia ya uchumi huniuliza ilikuwaje Uingereza ya Malkia Victoria, na utajiri wote ule, ikawaacha wakulima wake wa ngano waanguke. Huwa naanzia Essex, mkoa wa mashariki mwa Uingereza, mwaka 1879.

Mvua ilinyesha kiangazi kizima. Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito. Wenyeji waliuita ardhi ya farasi watatu, maana wawili hawakutosha kuvuta plau. Ngano iliota ukungu, nyingine ikachipua ikiwa bado imefungwa miganda shambani.

Lakini jeraha kubwa lilikuwa sokoni. Tangu enzi za mababu, mavuno yakipungua bei hupanda, na yale magunia machache humlipa mkulima. Safari hii haikupanda. Kwota moja, yaani kama kilo 220, iliuzwa karibu shilingi 57 mwaka 1877; mwaka 1879 ilikuwa 44 tu. Reli zilishafika kwenye mbuga za Marekani, meli za mvuke zilishapunguza nauli ya baharini, na sheria za kulinda nafaka ya Uingereza dhidi ya ile ya nje zilifutwa tangu 1846. Ilipofika 1894 kwota haikufika hata shilingi 23.

Ujerumani ilirudisha ushuru wa nafaka mwaka huohuo wa 1879. Uingereza ilibishana. Mwaka 1881 viongozi wa viwanda na kilimo waliunda umoja wa kudai ushuru kwa bidhaa za nchi zilizowatoza Waingereza. Walishindwa, na naona ilistahili: mkate ndio uliokula mshahara wa kibarua wa Manchester.

Kinachonikera ni kwamba kelele za ushuru zilimfunika mkulima mpangaji, aliyelima ardhi ya kukodi. Alichimba mitaro ya kutoa maji, akamwaga mbolea miaka kadhaa, kisha akashindwa kulipa kodi ya shamba na kuondoka mikono mitupu. Sheria ya 1875 ilitaja fidia ya kazi kama hiyo, ila mwenye ardhi aliweza kuikwepa kwa kuandika hivyo kwenye mkataba. Mwanya huo ulizibwa 1883, wakati wengi walikuwa wameshafilisika.

Mashamba yaliyobaki matupu yalikodishwa kwa bei ya chini, wakaja Waskoti kutoka Ayrshire na ng'ombe wao. Walipanda majani palipokuwa na ngano, wakakamua alfajiri na kupakia madebe kwenye treni ya London. Maziwa mabichi ya Marekani yasingevuka Atlantiki bila kuganda.