Themistocles na vigae vya kisimani

Nikifundisha historia ya Athens huwa naanza na vigae kabla ya vita. Miaka ya 1930 wanaakiolojia walichimba kisima cha zamani ubavuni mwa kilima cha Acropolis wakakuta vigae kama 190, vingi ni vitako vya vikombe vya divai, vinaenea kiganjani kabisa, na vimekwaruzwa jina lilelile: Themistocles mwana wa Neokles, mwanasiasa wa Athens ya kale. Miandiko ilipolinganishwa ikaonekana ni ya watu 14 tu hivi!

Zama zake raia wa Athens waliandika kwenye kigae jina la mtu wanayemuona hatari, kura zikifika 6000 yule aliyetajwa zaidi anahama mji miaka 10, mali zake haziguswi. Sasa hivyo vya kisimani viliandaliwa mapema ili wagawiwe watu, kumbe hata demokrasia changa ilikuwa na kampeni zake za chini chini.

Walimchukia kwa nini? Mwaka 483 KK hivi migodi ya Athens iliyokuwa Laurion ilitoa madini mengi ya fedha, watu wakataka wagawane, kila mmoja drakma 10 (sarafu zao za fedha), Themistocles akakataa akasema tujenge meli, akatumia ugomvi wao na jirani zao wa Aegina kama sababu. Miaka mitatu baadaye Waajemi wakaja, na meli hizohizo zikawapiga kwenye mlangobahari wa Salamis.

Ila kwangu mimi kubwa zaidi ya Salamis ni wapiga makasia. Meli moja ilitaka wapiga makasia 170, na wengi wao walikuwa watu wa hali ya chini ambao hela ya kununua ngao na deraya hawakuwa nayo, lakini kuanzia hapo usalama wa mji ukawa mikononi mwao, na mtu anayekulinda huwezi tena kumwambia akae kimya mkutanoni. Huo ndio urithi wake jamani.

Naye mwishowe wakamfukuza. Baadaye akashtakiwa usaliti, akakimbilia kwa Artaxerxes, mfalme wa Waajemi, mtoto wa yuleyule mfalme Xerxes ambaye Themistocles alimpiga Salamis, akaomba mwaka mmoja ajifunze lugha yao kwanza. Akapewa mji wa Magnesia kwa ajili ya mkate wake, Lampsacus kwa divai, Myus kwa kitoweo. Alifia huko Magnesia, na ndugu zake walisema mifupa yake ilirudishwa kwa siri ikazikwa Attica, kwa sababu sheria ilikataza kumzika msaliti kwenye ardhi ya nyumbani.