Mfalme anapokimbiwa: utii na usaliti katika tamthilia za Shakespeare

Katika tamthilia za Shakespeare, mfalme haanguki siku anayovuliwa taji. Huwa ameanguka zamani, tangu watu wake walipoanza kuondoka mmoja mmoja, na kuvuliwa taji huja tu kuhalalisha jambo lililokwisha kutokea. Huko ndiko kukimbiwa kwa mfalme: askari, watumishi, jamaa na wakuu wa nchi wanauhamisha utii wao kutoka kwa mtawala aliyepo na kuupeleka kwa anayekuja. Dhana hii imo katika King Lear na Macbeth, lakini naamini hakuna alipoichimba zaidi kuliko katika Richard II, tamthilia ya yapata mwaka 1595 inayomhusu mfalme wa Uingereza aliyepinduliwa mwaka 1399.

Chanzo chake ni mali ya marehemu. John of Gaunt, baba mdogo wa mfalme, anafariki. Richard anahitaji fedha za vita vya Ayalandi, basi anazoa kila kitu, ilhali mrithi halali, Bolingbroke mwana wa Gaunt, yuko uhamishoni kwa amri ya Richard mwenyewe. York, baba mdogo mwingine, anamwonya: ukimnyima mtu urithi wa baba yake, unaivunja sheria ileile iliyokuweka kwenye kiti, maana na wewe ni mfalme kwa kurithi tu. Richard hasikii. Wasomaji wengi hulipita onyo hilo haraka, nami naona ndilo ufunguo wa yote yanayofuata. Utii wa zama zile ulikuwa na pande mbili: mkuu alimtii mfalme, na mfalme alimlindia mkuu ardhi na haki yake. Aliyeanza kuvunja ni Richard.

Kisha Bolingbroke anarudi na jeshi, na watu wanaanza kuondoka. Worcester, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anaivunja fimbo ya cheo chake, na watumishi wa ndani wanafuatana naye kwa Bolingbroke. Askari wa Wales wanamngoja mfalme siku kumi bila habari yoyote. Wanaona miti imenyauka na vimondo vinaanguka, wanaamini amekufa, wanatawanyika. Richard anatia nanga kutoka Ayalandi akiwa amechelewa siku moja tu. Salisbury, mkuu aliye upande wake, anamwambia kwamba angefika jana angewakuta watu 12,000 wenye silaha. Je, hao ni wasaliti? Siwezi kuwaita hivyo. Walisubiri mpaka subira yao ikaisha, na mfalme asiyeonekana ni vigumu kumfia.

Papo hapo linatokea jambo linalouma zaidi. Richard anaambiwa kwamba vipenzi vyake, Bushy, Green na Wiltshire, wamefanya amani na Bolingbroke. Analipuka, anawalaani na kuwaita Yuda. Mjumbe anamfafanulia: amani waliyoifanya ni ya vichwa vyao, wamekatwa, wamezikwa. Wamekufa kwa sababu walikuwa watu wake. Mfalme anayekimbiwa hupoteza jeshi, na pamoja nalo hupoteza uwezo wa kumtambua aliyebaki naye. Muda si mrefu Richard mwenyewe anaamuru wafuasi wake waachiwe waende zao.

York ni kesi ngumu kuliko zote. Ndiye aliyeachiwa nchi mfalme alipokwenda vitani. Bolingbroke anaporudi na jeshi, York anamkemea, kisha anasema hatakuwa upande wowote, halafu anamkaribisha kasrini. Ungemwona kuwa bendera fuata upepo, mpaka siku anapouona muhuri wa barua ukining'inia kifuani kwa mwanawe Aumerle. Anaipokonya na kuisoma: ni njama ya kumwua mfalme mpya, Bolingbroke. Anaagiza viatu vyake vya kupandia farasi ili akamshtaki mwanawe, huku mama mtu akimsihi. Utii wa York ni kwa kiti, si kwa aliyekikalia. Ni msimamo unaoeleweka, na unanitisha.

Bungeni, Askofu wa Carlisle anasimama peke yake na kuuliza ni raia gani awezaye kumhukumu mfalme wake. Anatabiri kwamba damu ya Waingereza itarutubisha ardhi. Anapomaliza tu, Northumberland, mkuu anayemuunga mkono Bolingbroke, anamkamata kwa uhaini. Jana kusimama na Richard kulikuwa utii. Leo, katika ukumbi huohuo, ni jinai. Naye Richard, akiisha kulivua taji kwa mikono yake, anasema akijitazama anajiona msaliti pamoja na wengine, kwa kuwa ameridhia.

Onyesho hilo la kuvuliwa taji halikuwamo katika chapa za kwanza. Lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1608. Tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wa Essex, mmoja wa wakuu wa Uingereza, walilipa kundi la Shakespeare shilingi 40 za ziada ili mchezo wa Richard, unaoaminika kuwa huu, uchezwe London. Kesho yake Essex aliingia mitaani kuwaamsha watu dhidi ya Malkia Elizabeth I. Watu hawakutoka.

Lear anakimbiwa kwa namna nyingine, kwa hesabu. Askari wake 100 wanapunguzwa na binti zake wawe 50, kisha 25, kisha anaulizwa anahitaji hata mmoja wa nini. Chale wake anamshauri Kent, mkuu aliyebaki mwaminifu kwa Lear, kwamba gurudumu kubwa likiporomoka mlimani, liachie lisikuvunje shingo. Ushauri wa akili sana, na chale mwenyewe haufuati.

Anayemtembelea Richard gerezani Pomfret ni mtunza farasi wake wa zamani, aliyepata ruhusa kwa taabu. Anamsimulia kwamba siku ya kutawazwa, Bolingbroke alimpanda Barbary, farasi aliyekuwa kipenzi cha Richard. Alikwendaje chini yake? Kwa maringo, kana kwamba anaidharau ardhi. Richard anamlaumu farasi, kisha anamwomba radhi: mnyama aliyeumbwa kubeba ana kosa gani?

Northumberland ndiye Richard anayemsoma sawasawa. Anamwita ngazi aliyopandia Bolingbroke, na kumwambia kwamba aliyemsaidia mtu kupata kiti atahisi daima amelipwa kidogo, na aliyesaidiwa atamwogopa. Katika tamthilia inayofuata, Henry IV (jina la Bolingbroke akiwa mfalme), inakuwa hivyo: Northumberland anaingia katika uasi dhidi ya mfalme aliyemweka mwenyewe. Vita vya Shrewsbury, vya mwaka 1403, vinapokaribia, anatuma barua kwamba anaumwa. Mwanawe, Hotspur, anapigana bila jeshi la baba yake, na anauawa.