"Mali ikishauzwa hairudishwi": nani kasema?

Pita maduka ya Mwanga, Kigoma, usome risiti. Chini kabisa utakuta mhuri: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Wenye maduka wengi wanaamini mhuri huo ni kinga. Si kweli.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka ahadi ndani ya mauzo hata kama wewe muuzaji hukuiandika: bidhaa ifanane na ulivyoieleza, na ifae kwa kazi aliyokutajia mnunuzi. Mvuvi akikwambia anataka betri ya kuwashia taa za dagaa usiku kucha, ukampa inayozima saa tatu, tatizo ni lako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakwenda mbali zaidi: ni kosa kumpotosha mlaji kuhusu haki zake za dhamana. Mhuri wako unaweza kuwa ndio ushahidi dhidi yako!

Kumjibu mteja "Nenda kwa wakala Dar" nako hakukuokoi. Mnunuzi alikulipa wewe. Wewe mdai aliyekuuzia Kariakoo.

Hapo usidhani mteja hubeba haki zote. Kasoro aliyoikagua akaiona, au akabadili tu mawazo, hulazimiki kurudisha pesa.

Kwa hiyo tupa mhuri. Toa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), kisha andika waranti kwa Kiswahili: muda wake, inahusu nini, haihusu nini, na nauli ya kusafirisha mzigo wa matengenezo analipa nani. Hiyo nauli ndiyo huzua ugomvi kuliko yote.