Tetemeko dogo halipunguzi presha, jamani

Wiki hii tena. Ardhi imetikisika kidogo tu, simu ikajaa meseji na karibu zote zinasema kitu kilekile: afadhali, presha imetoka, lile kubwa halitakuja tena. Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, nimechoka, leo nawajibu wote.

Hesabu kwanza. Ukipanda namba moja kwenye kipimo cha ukubwa wa tetemeko, nishati inaongezeka kama mara 32. Kutoka 5 mpaka 8 ni 32 mara 32 mara 32, yaani zaidi ya 32,000. Sasa ili umalize nguvu ya tetemeko moja la 8 kwa kutumia ya 5, unahitaji hayo zaidi ya 32,000, wakati ardhi kwa kila la 8 moja inatoa ya 5 kama 1,000 hivi. Hayatoshi! Hata uongeze yale madogo yasiyosikika kabisa.

Halafu ufa, yaani mpasuko wa miamba ardhini ambako tetemeko huzaliwa, ukiteleza kipande kidogo, kipande hicho kinalegea kweli, ila mzigo wake haupotei, unahamia pembeni, kwa jirani, na kama jirani alishakaribia kukatika ndo umemmalizia. Tarehe 9 Machi 2011 baharini nje ya Tohoku, Japani, lilipiga la 7.3. Hilo si dogo, kwa mawazo yenu presha ilitoka ya kutosha. Siku mbili baadaye likaja la 9.0 na tsunami.

“Kumbe dogo ni onyo?” Hapana, na hapa ndo mnanikasirikia. Mengi yanaishia hapohapo. California, kama moja kati ya 20 ndo hufuatwa na kubwa kuliko lenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo hatari inapanda kidogo, haishuki, lakini lipi litafuatwa? Niwekee seismogramu mbili mezani, yaani michoro ya mtikisiko, la lililofuatwa na la lisilofuatwa, nitazame pale mstari unapoanza kuchezacheza wimbi la P, lile linalofika kwanza, likifika, siwezi kukwambia ipi ni ipi. Jina la kitangulizi, yaani dogo lililotangulia kubwa, tunalipa baadaye, kubwa likishapiga. Haicheng, China, 1975 vitangulizi vilikuwa vingi mpaka watu wakahamishwa na wengi wakapona. Mwaka uliofuata Tangshan haikupata onyo la namna ile, wakafa zaidi ya 240,000.

Parkfield nako California matetemeko yalikuja 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, wataalamu wakatega vyombo wakisema kabla ya 1993 kuisha lingine litakuwa limeshapiga. Lilipiga 2004, na vyombo vyote vile havikuonyesha dalili ya wazi kabla yake.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki: sekunde ile ya kwanza, tetemeko lenyewe limeshaamua litafika ukubwa gani, au linaanza dogo kama mengine halafu linaendelea kupasua tu kwa sababu halijakutana na cha kulizuia? Wenzangu wanabishana mpaka leo na mi mwenyewe nayumba, kila data mpya inanivuta upande mwingine, ila nikiwa mkweli siku nyingi naegemea hilo la pili, na kama ni hivyo basi hata tukijaza seismomita, vyombo vya kupima mtikisiko, juu ya ufa mzima, ukubwa wake hautasomeka kabla halijaanza.