Mpira wa mkojo utolewe lini? Maswali na majibu kwa wauguzi na ndugu wa mgonjwa

Mpira wa mkojo ni nini?
Ni mrija unaopitishwa katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, ukaunganishwa na mfuko. Huwekewa mgonjwa aliyeshindwa kukojoa, mama anayejifungua kwa upasuaji, au mgonjwa mahututi ambaye mkojo wake hupimwa kila saa.

Maambukizi huingiaje?
Mtu anapokojoa, mkojo husukuma vijidudu nje. Mpira huondoa kinga hiyo, na bakteria, hasa wale wa haja kubwa, hupanda kando yake au ndani yake. Ukikaa mwezi mzima, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kwenye mkojo.

Wajibu wa kwanza wa muuguzi ni upi?
Kuhakikisha mpira usiohitajika unatolewa. Ninachokikuta wodini si mipira iliyowekwa vibaya tu, bali mipira iliyosahauliwa: mgonjwa anakunywa uji, anatembea hadi dirishani huku ameshika mfuko wake mkononi, na mpira una siku ya tano. Ukiuliza sababu, unajibiwa kwamba daktari hajaandika utolewe. Basi aulizwe! Kila zamu inapokabidhiana, sababu ya mpira itajwe kwa kila mgonjwa, na isipokuwepo, daktari aombwe kibali asubuhi hiyo hiyo.

Mgonjwa hajiwezi na shuka zinalowa. Si afadhali uachwe?
Hapana. Ndugu hutusihi tuuache, na sisi wenyewe, tukiwa wawili usiku kwa wodi nzima, hushawishika. Shuka hufuliwa, maambukizi yakishaingia kwenye damu huweza kuua. Atumie nepi au chombo cha kujisaidia kitandani. Akiwa na kidonda kikubwa makalioni kinacholoweshwa na mkojo, hilo ni jambo jingine, na daktari ataamua. Kwa wengine wote narudia: hapana.

Mpira ukiwa bado ndani, utunzwe vipi?
Muuguzi anawe mikono kabla na baada ya kuugusa, aufunge pajani usivutike, na asiutenganishe na mfuko. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Kumsukuma mgonjwa kwenye machela huku mfuko umelazwa tumboni mwake ni kuurudisha mkojo kibofuni. Jagi moja lisizungushwe kwa wagonjwa watano wakati wa kumwaga mkojo. Usafi wa sehemu za siri kwa maji na sabuni kila siku unatosha.

Apewe antibayotiki za kumkinga?
Hapana. Mara nyingi huishia kuzalisha bakteria sugu.

Dalili zipi zisisubiri?
Homa, kutetemeka, maumivu ya chini ya kitovu au ubavuni, na mzee kuanza kuchanganyikiwa ghafla. Muuguzi amwite daktari saa hiyo hiyo, asingoje mzunguko wa asubuhi. Harufu ya mkojo peke yake si ushahidi wa maambukizi.

Je, akishindwa kukojoa baada ya kutolewa mpira?
Hofu hii ndiyo inayofanya wengi wauache. Mgonjwa anywe maji kama hajakatazwa, na muda wa kutolewa uandikwe kwenye faili. Zikipita saa 4 hadi 6 bila mkojo, au tumbo likijaa na kuuma, kibofu kikaguliwe mara moja.