Usinipe Paja Lako

Wiki iliyopita, na sikumbuki tena ni mara ya ngapi, ndugu wa mgonjwa aliyeungua alikunja suruali pale pale wodini: "Daktari, chuna hapa, mpe." Nikaanza kumweleza, akanikata kauli: "Mbona Black Jack alibandikwa ngozi ya rafiki yake na ikashika?"

Haya. Black Jack ni manga (vibonzo vya Kijapani, si ile ya pilipili) ya Osamu Tezuka, hadithi fupi zaidi ya 240 zilizoanza kutoka mwaka 1973. Daktari wa upasuaji asiye na leseni, bei za kufilisi, kisu hakikosei. Naipenda sana. Pinoko, binti mdogo anayeishi naye na kumsaidia, ananiliza mpaka leo.

Ila uso wake unanitesa. Utotoni alilipukiwa na bomu, Dkt. Honma akamshona, na pengo la usoni likazibwa kwa ngozi ya Takashi, rafiki yake chotara mwenye rangi nyeusi kuliko yeye. Ndiyo maana uso una rangi mbili. Kwenye karatasi inapendeza. Kitandani, ngozi ile ingeshika siku za mwanzo, ingependeza hata, mama wa mtoto akaanza kukuombea dua. Wiki ya pili ingevimba, ikageuka zambarau, ikabanduka. Rudia na ya mtu yule yule, kinga ya mwili inaikataa upesi zaidi. Daktari Gibson na mwanabiolojia Medawar waliliona hilo Glasgow kwa mgonjwa wa moto aliyepewa ngozi ya kaka yake, wakaandika mwaka 1943. Miaka 30 kabla ya Black Jack! Figo utailinda kwa dawa za kushusha kinga. Ngozi imejaa seli za ulinzi, ni korofi kuliko figo, na kumshusha kinga mtu mwenye kidonda nusu ya mwili ni kuwatandikia bakteria jamvi.

"Lakini Tezuka alikuwa daktari!" Alikuwa. Alisomea Osaka, na uzamivu wake wa mwaka 1961 ulihusu mbegu za kiume za konokono. Konokono, jamani. Tena sidhani alikosea: alitaka uso wa rangi mbili, akauchora.

Pacha wa kufanana? Ngozi yake haikataliwi, huyo mlete hata usiku.

Ngozi ya maiti tunaitumia pia, kama kifuniko cha muda tu. Hapo ndipo vitabu vinaniacha njiani. Vinataja wiki mbili, lakini aliyeungua vibaya kinga yake huwa imelegea, na ngozi ya mtu mwingine hukaa zaidi. Niitoe lini? Kusema kweli, nakisia. Kila nikibadilisha bandeji naibonyeza, nainusa, naamua. Mara mbili nimechelewa.

Yule ndugu nikamwambia akunjue suruali. Tulichuna paja la mgonjwa mwenyewe, tukaitoboatoboa ngozi ikawa kama wavu ili ienee. Jioni alinisubiri mlangoni: damu je, anaruhusiwa kutoa?

Damu ndiyo, ndugu yangu. Kunja shati.