Je, wajua kwa nini ndege ya kutoka Dar haifiki KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa dakika nane?

Swali la kipuuzi, lakini niliwahi kuliamini. Nikiwa shule ya msingi Moshi, siku tulipofundishwa kwamba dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, nilirudi nyumbani nikamhakikishia mdogo wangu kwamba rubani wa Dar hana kazi: ananyanyuka, anatulia, anasubiri Kilimanjaro imfuate.

Kosa hili linastahili hesabu. Kwenye latitudo yetu ardhi hukimbia kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa. KIA iko kama kilomita 235 magharibi ya Dar, kwa hiyo dakika nane na ushee zingetosha. (Kwamba iko pia kaskazini, sikuwaza kabisa. Mstari mnyoofu ni kama kilomita 450.) Balaa lingekuwa safari ya kwenda Dar. Ndege ya pangaboi inayokwenda kilomita 600 kwa saa isingeikamata Dar hata siku moja, na saa moja baadaye abiria wangekuwa juu ya Kongo, bado wanasubiri juisi. Ukitazama tiketi, kwenda ni kama saa moja na robo, na kurudi ni hivyohivyo.

Nilichosahau ni hewa. Panda kosta (basi dogo la abiria) Moshi. Pale Boma Ng'ombe mama mmoja anakupitishia ndizi dirishani, nzi anaingia nazo, unafunga kioo. Kosta inashika 80. Nzi anaelea katikati, hagusi kiti wala bomba, lakini habamizwi kwenye kioo cha nyuma. Mnafika naye Usa River. Hewa inayombeba inasafiri na gari. Akitaka kwenda kwa dereva au kurudi siti ya nyuma, jasho ni lilelile. Ndege ndiyo huyo nzi. Hata ikiwa imeegeshwa pale KIA tayari inakwenda mashariki kwa ile 1,670, na ikipaa haiiachi kasi hiyo chini.

Mfano una ufa mmoja: kosta imefungwa, anga halina vioo. Hewa inaweza kuitangulia ardhi au kubaki nyuma kidogo, nasi tunaita upepo. London hadi New York ni takribani saa nane, kurudi ni saba au pungufu, kwa sababu huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kuelekea mashariki. Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na upepo wa dhoruba.

Na hapa dunia inarudi kwa mlango wa nyuma. Hewa inayopanda kwenye ikweta na kusambaa kuelekea ncha za dunia inaondoka na mwendo wa huku. Ikifika usawa wa Cairo, ambako ardhi huenda kama kilomita 1,450 tu kwa saa, inajikuta imeizidi ardhi mbio, inatangulia mashariki. Hesabu kamili ina mambo zaidi, lakini mzizi wa mkondo ule uko humo. Huku kwetu upepo wa juu kwa kawaida ni mpole: hewa hiyo ndiyo kwanza inaanza safari.